Kabati la Chapa Saba

Waliokuwa nyumbani kwetu siku hiyo walikuwa hawa. Baba Mkubwa Nzioka, aliyetoka Ikutha jana yake na kulala kwa rafiki sokoni Kikima, aliketi kwenye kiti cha mikono ambacho zamani kilikuwa cha baba. Dada yao, Shangazi Kamene, aliyepanda lori la vitunguu kutoka Emali, aliketi kiti cha pili, mkoba mapajani, akiushika kana kwamba nyumba ingeweza kuondoka nao. Mzee Kimeu wa ukoo wetu alikuwa karibu na mlango, mahali penye jua, na tayari kichwa chake kilikuwa kinainama kwa usingizi. Majirani wawili, Mama Kilonzo na Mama Wayua, walikuwa jikoni, kwenye kibanda cha nje, wakipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kuku mmoja. Ndugu zangu watatu, Mutua wa miaka kumi na mitatu, Ndinda wa tisa na Kioko wa mitano, walipangwa kwenye benchi kwa urefu wao, wamepakwa mafuta hadi magotini. Mimi Mwikali, wa miaka kumi na minane, nilisimama kati ya meza ya kulia na kabati la vioo. Hakuna aliyeniambia niketi, na pia nilitaka kulionyesha lile kabati kidogo na kulificha kidogo.

Maneno ya siku hiyo yalisemwa kwa Kikamba. Nayaandika kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa Mutua, waliozaliwa Nairobi na ambao Kikamba chao kinaishia kwenye salamu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwezi wa Julai, baridi ya Mbooni ikiwa bado imekaa kwenye kuta. Wazee walikuja kuamua kama watatugawa. Habari za wazazi wangu wenyewe nitaziacha walipolala. Inatosha kusema kwamba baba alikuwa ametangulia, na mama tulikuwa tumemzika mwezi wa Machi. Jioni ya mazishi, nikiwa nyuma ya jiko nasugua sufuria kwa majivu, niliwasikia wakipanga upande wa pili wa ukuta. Mutua angeenda Ikutha kuchunga ng'ombe. Ndinda angeenda Emali kwa Shangazi, aliyekuwa na hoteli ya chai karibu na stesheni. Kioko angeenda kwa yeyote atakayemtaka. Mimi ningeolewa. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama watu wanaopanga mizigo kabla ya mvua. "Nyumba isiyo na mtu mzima si nyumba," Shangazi alisema, "ni vyombo tu." Baba Mkubwa akasema, "Tuwape miezi minne. Tukirudi tukikuta nyumba, tutaiacha. Tukikuta vyombo, tutagawa."

Nimeyafikiria maneno hayo maisha yangu yote. Leo najua alichotaka kuona: shamba lililolimwa, mbuzi waliohesabika, watoto wasiokohoa. Na hayo niliyafanya. Niliacha shule darasa la saba mama alipoanza kuugua, kwa hiyo kazi ya shamba na jiko haikuwa ngeni kwangu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane, na neno vyombo lilikuwa limenichoma, kwa sababu vyombo vyetu havikuwepo. Siku ya mazishi vyombo vya kijiji kizima huchanganyika, na vingine havipati njia ya kurudi. Vile vilivyobaki, ile seti ya chai ya mama yenye maua ya waridi na birika lake, Shangazi Kamene alivifunga katika leso ya mama mwenyewe na kusema, "Nitakutunzia." Shangazi ana haki ya kuchukua ukumbusho wa nyumba ya kaka yake, hakuna aliyepinga. Basi kabati la vioo likabaki pale chumba cha kulia, rafu tatu tupu, na kila tulipokula tuliiona sura yetu kwenye kioo, watu wanne na sufuria moja.

Kabati lenyewe mama alitengenezewa na fundi wa Kikima kwa mbao za msaipras. Lilikuwa na vioo viwili vya kusukuma, kimoja kikigoma katikati ya njia, na miguu minne ambayo baba aliiwekea vibati chini mchwa wasipande. Chumba kilikuwa kidogo. Ukiketi mezani upande wa ukutani, mgongo wako uligusa kabati, na mgeni mnene alilazimika kuvuta pumzi ndani ili apite. Katika nyumba zetu za wakati ule, kabati ndilo lililozungumza na mgeni kabla ya mwenyeji. Mgeni aliingia, akasalimia, akaketi, na macho yake yakaenda kwenye vioo kuhesabu. Ulikuwa na vikombe sita au kumi na viwili? Sahani zako zilisimama au zililala? Kikundi cha kina mama wa kwetu kilianzishwa kwa ajili hiyohiyo: kila mwezi walichanga, wakamnunulia mmoja wao vyombo, kwa zamu, hadi kila kabati la mlimani lijae.

Mimi sikuwa na zamu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya kabati moja. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefanya vibarua vya kufua kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na mke wake alikuwa na kabati zuri kuliko yote niliyowahi kuona: vikombe safu mbili, sahani zimesimama nyuma kama watu kwenye picha, maua ya plastiki katikati, na kila kitu juu ya kitambaa cha kufuma. Nikaamua kwamba hiyo ndiyo nyumba. Wiki moja kabla ya wazee kufika nilizunguka mlima nikiazima. Mama Kilonzo alinipa vikombe viwili bila kuuliza. Mama Wayua aliuliza sana, kisha akanipa viwili. Mke wa mwalimu mkuu alinipa vitatu, sahani mbili na yale maua ya plastiki. Kufikia Ijumaa nilikuwa na vikombe kumi na viwili kutoka nyumba saba. Niliviosha kwa maji moto, nikafuma vitambaa kwa uzi niliofumua kwenye magunia ya unga, nikapanga rafu kama nilivyoona kule: sahani mbili nyuma, maua katikati, vikombe mbele. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, nikaangalia. Ilikuwa nyumba ya mtu mwingine kabisa, na mimi nikafurahi.

Kosa nilifanya kwa mkono, si kwa akili. Mama alitufundisha kwamba kikombe hulala kifudifudi, maana kikilala chali kinakunywa vumbi na kutembelewa na mende. Tangu utotoni sikuwahi kuweka kikombe kwa namna nyingine. Kwa hiyo vikombe vyote kumi na viwili nilivifunika, matako juu, kwenye rafu ya chini kabisa. Na chini ya kikombe ndipo kila mwanamke wa mlimani huweka alama yake, ili baada ya arusi au matanga chombo kijue kwao. Mama Kilonzo alitumia mstari wa rangi ya buluu iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa. Mama Wayua aliweka nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha. Mwingine alikwaruza msalaba kwa msumari. Mke wa mwalimu mkuu aliandika herufi za jina lake. Alama zile nilizijua tangu utotoni, na kwa sababu nilizijua sana sikuziona.

Shangazi alianza kwa upole. Alikuwa ametuletea mikate miwili ya dukani, akaiweka mezani, akalitazama kabati muda mrefu.

"Mwikali, kumbe mama yako alikuwa na vikombe vingi hivi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ajabu. Mimi nilidhani nilivibeba vyote."

Mzee Kimeu alicheka usingizini, au labda alikohoa. Shangazi akasimama, akavuta pumzi ndani, akapita kati ya meza na kabati, nami nikalazimika kusogea. Kutoka pale aliposimama, mtu mrefu kama yeye, alikuwa akiitazama rafu ya chini kutoka juu. Akasukuma kioo. Kikagoma katikati, akakipiga kwa kiganja kama mtu anayekijua.

"Huyu ana nukta mbili nyekundu," alisema, akitoa kikombe. "Huyu ana mstari wa buluu. Huyu ana msalaba, ameokoka. Na huyu ni M.N. M.N. ni nani? Kwa kaka yangu Muia hakuna M.N."

Akavitoa kimoja kimoja, akavipanga mezani mbele ya Baba Mkubwa, vyote matako juu. Baba Mkubwa alikuwa mtu wa ng'ombe. Maisha yake yote alikuwa amesoma chapa za moto kwenye ngozi, akijua ukoo wa mnyama kabla hajamwona mwenyewe. Aliinama juu ya vile vikombe, akapitisha kidole gumba kwenye kila kimoja, taratibu, midomo ikihesabu.

"Saba," alisema. "Chapa saba kwenye boma moja." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kwetu Ikutha nikiingia kwa mtu nikute chapa saba, najua ni mambo mawili. Huyu ni mwizi, ama ni mtu ambaye watu humwachia mali yao. Binti wa Muia, wewe ni yupi?"

Nilifungua mdomo, lakini Shangazi alinitangulia.

"Ni mwongo, ndiye yeye," Shangazi alisema. "Ametufanyia maonyesho. Leo ameazima vikombe. Desemba tukija tutakuta ameazima watoto."

Kioko, kwenye ncha ya benchi, akamgeukia Mutua na kuuliza kwa sauti ya kanisa zima, "Na mimi nitarudishwa?" Ndinda akamfinya, Kioko akaanza kulia, na kilio kile ndicho kilichokuwa chumbani Mama Kilonzo alipoingia na sufuria ya muthokoi ikitoa mvuke.

Lazima niwaeleze Mama Kilonzo alikuwa nani. Aliongoza kikundi cha vyombo, na kanisani aliongoza kina mama. Nyimbo zilianza alipoanza yeye. Alikuwa mtu ambaye mwenye duka alipomzidishia kiberiti kimoja, alirudi kutoka mlimani hadi sokoni kukirudisha, akiwa na mtoto mgongoni. Watu walimcheka kwa hilo, na kwa hilohilo walimwachia atunze funguo zao. Aliitua sufuria katikati ya vile vikombe. Akaviangalia. Akaniangalia mimi.

"Mbona mmevitoa?" aliuliza. "Chai bado."

"Tunatafuta wenyewe," Shangazi alisema.

"Mwenyewe si huyu hapa? Tulimpa. Zamu ya marehemu ilikuwa imefika, na mtu akifa zamu yake haifi. Tukampa mtoto."

"Kikundi kinapeana vikombe vilivyotumika?"

"Mwaka huu kahawa imetulipa nini, dada yangu? Tulipeana tulichokuwa nacho."

Nyuma yake Mama Wayua alikuwa amefika na bakuli la kuku, mdomo wazi. Niliuona ule mdomo ukitafuta neno, kisha ukafungwa. Baba Mkubwa akamtazama Mama Kilonzo, akatazama Biblia ndogo iliyochomoza mfukoni mwa aproni yake.

"Mama, wewe ni mtu wa wokovu. Neno lako nilichukue hivyo, mbele ya Mungu?"

Aliisukuma Biblia ndani ya mfuko. "Lichukue."

"Basi vigeuzwe," Baba Mkubwa alisema. "Nina kiu."

Walikunywa chai katika vikombe vile, wakala muthokoi, na mwisho Baba Mkubwa alisema kwamba watoto wakae hadi mwaka uishe, ndipo ukoo utakata neno. "Nzioka, umerogwa na vikombe," Shangazi alimwambia. Akajibiwa, "Nimerogwa na muthokoi. Kula." Lakini Shangazi hakula sana. Alikuwa akinitazama, wala si kwa hasira.

Walipoondoka nilikwenda jikoni. Mama Wayua alikuwa na vyake vya kusema. "Umetoa sadaka kwa kikombe changu!" alimwambia Mama Kilonzo. "Nilikuwa na viwili vya wageni. Sasa mchungaji akija na mkewe, mmoja atakunywa na bakuli." Mama Kilonzo alikuwa ameketi kwenye kigogo, mikono ndani ya aproni, uso umekauka. "Nenda ukawaambie wenzetu," alisema. "Vikombe havirudi." Mama Wayua akauliza, "Na wakikataa?" Akasema, "Hawatakataa. Na wakikataa, waje kwangu." Hakuna aliyekwenda kwake. Mke wa mwalimu mkuu aliongeza sahani.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Mama Kilonzo alisimama. Nilijua atashukuru kwa jambo fulani, ndivyo alivyokuwa. Akasema, "Ndugu zangu, wiki hii nilisema uongo mbele ya wazee, na nikaufunika kwa jina la Mungu. Naomba msamaha." Mchungaji akamuuliza ni uongo gani. Akasema hilo hawezi, kwa sababu kulisema kungemuumiza mtu mwingine. Walimuuliza tena baada ya ibada, wazee wa kanisa watano, naye akajibu vilevile. Kwa utaratibu wa kanisa letu, asiyetaja dhambi yake hajaiacha. Wakamweka nyuma. Hakuruhusiwa kuongoza wala kushiriki Meza ya Bwana, na mahali pake pakawa benchi ya mwisho karibu na mlango, wanapoketi waliorudi nyuma. Sinia la mkate lilipopita, alilipokea kwa jirani na kulipitisha kwa jirani, bila kunyoosha kidole.

Kijiji hakiwezi kuishi na dhambi isiyo na jina. Kufikia Agosti walikuwa wameipa jina. Niliwasikia wanawake wawili kisimani, mimi nikiwa nimeinama nachota.

"Ni pombe ya miwa. Mume wake huipika nyuma ya zizi."

"Mama Kilonzo? Wacha!"

"Kwani kuna uongo gani mwingine mtu hawezi kutaja?"

Nilijitwika mtungi nikapanda mlima. Kama ningesema kweli pale kisimani, kabla jua halijazama ingefika Kikima, na kabla ya wiki kuisha ingefika Emali kwa lori la vitunguu. Nilipofika nyumbani nilimimina maji kwenye pipa, nikamkuta Ndinda akimfundisha Kioko kuandika a kwenye mavumbi, na nikajiambia kwamba nitasema Januari, ukoo ukishakata neno.

Siku chache baadaye nilimfuata Mama Kilonzo shambani kwake, akipalilia maharagwe. Nikamwambia nitasimama kanisani. Hakuacha kupalilia.

"Useme nini? Uongo ulikuwa wangu. Wewe uliazima, na kuazima si dhambi."

"Lakini Mama, wanasema ni pombe."

"Waache waseme pombe. Afadhali pombe, ina wenzako wengi." Akacheka mwenyewe, kisha akasimama na kushika kiuno. "Vikombe umevipanga?"

"Nimevificha chini ya kitanda. Naona haya kuviangalia."

"Mtoto mpumbavu! Mimi nimewekwa nyuma kwa ajili ya vikombe vilivyo chini ya kitanda? Nenda ukapange. Na usipange kama kwa mwalimu. Niliona siku ile, nikadhani nimekosea nyumba."

Basi nilipanga. Mke wa mwanangu, pale mjini Wote, juzi alinunua kabati kubwa la ukutani, lenye taa ndani na vioo vya moshi, akaniita nimsaidie. "Mama, watu huweka nini?" aliniuliza, simu mkononi ikiwa na picha za makabati ya watu asiowajua. Nikamwambia kwamba hilo swali niliwahi kuliuliza, na lilitaka kunipotezea ndugu. Tuliketi sakafuni, tukaanza upya. Nikamwomba alete vitu ambavyo nyumba ikiungua angevikimbilia. Alileta saa ya marehemu baba yake, kikapu cha ukindu kilichofumwa na nyanya yake, na glasi moja ya arusi, ya pili ikiwa imevunjika. Akaona aibu. Nikamwambia hapo ndipo tunapoanzia.

Mimi nilianza na pimamaji la baba. Baba alikuwa mwashi, na kifaa chake cha kupimia kama ukuta umelala sawa kilikuwa kimetupwa kwenye pembe ya chumba cha kulala, na lile tone lake la hewa bado likitembea ndani ya kioo. Nililiweka rafu ya juu, limelala, na kila aliyeingia aliona kwamba kabati letu limeinama kidogo kushoto. Rafu ya kati niliweka kikopo cha maziwa cha mama, kilichosahauliwa na kila mtu kwa sababu kilikuwa na ufa, na ripoti ya shule ya Mutua ikiwa imesimama, na gari la waya la Kioko, alilolidai kila asubuhi nami nikamruhusu kulichukua. Maua ya plastiki niliyarudisha kwa mke wa mwalimu. Nilipoyatoa, palibaki nafasi tupu katikati, na nilipotaka kuijaza mkono ulikataa. Hapo ndipo nilipojua, bila mtu wa kunifundisha, kwamba napenda nafasi. Napenda kitu kimoja kiwe na hewa yake, kisisukumwe na kingine. Hadi leo nyumba yangu iko hivyo, na wageni hudhani sijamaliza kupanga. Na rafu ya chini, vikombe kumi na viwili, kifudifudi kama mama alivyotaka, chapa zote juu. Nilivipanga nyumba kwa nyumba, kama nyumba zenyewe zilivyokaa mlimani: mstari wa buluu karibu nasi, nukta nyekundu ng'ambo ya kijito, msalaba kule juu, M.N. karibu na shule. Kwa mara ya kwanza nililiangalia kabati nikajiona ndani yake.

Baba Mkubwa na Shangazi walirudi Desemba, mvua ikiwa imenyesha vizuri, mahindi yakinifika kiunoni. Walizunguka shamba, wakawaangalia mbuzi, wakamfungua Kioko mdomo kama ndama. Kisha wakaingia ndani, na Shangazi akaenda moja kwa moja kwenye kabati.

"Na hili la nini humu? Kifaa cha ujenzi kwenye vyombo?"

"Ni pimamaji la baba."

Akaligusa kwa kidole. "Alipima nalo hoteli yangu," alisema. "Ukuta wa nyuma. Nilimletea chai akakataa kushuka kwenye ngazi." Hakusema kitu kingine siku hiyo, na Ndinda hakutajwa tena. Baba Mkubwa alikunywa chai yake, akamaliza, akageuza kikombe na kukitazama chini.

"Chapa saba bado ziko," alisema. "Na yako ni ipi?"

Nikasema sina.

"Tafuta. Nyumba isiyo na chapa haiwezi kuazimisha watu."

Ndivyo alivyokata neno. Nilikwenda nje kukata kuni ambazo hazikuhitajika, ili nilie vizuri. Mutua hakwenda Ikutha. Alikwenda shule, na baadaye akawa mwalimu. Ndinda ni muuguzi. Kioko ana gereji yake Emali, mbele ya ile hoteli. Miaka mingi baadaye nilimtembelea Shangazi, naye amezeeka, na ndani ya kabati lake niliiona seti ya mama, waridi zikiangalia mbele, imepangwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Sote wawili tuliiona. Tukala chapati.

Mama Kilonzo alirudishwa Mezani Pasaka iliyofuata, bila kutaja kitu. Uongozi hakurudishiwa, mwingine alikuwa ameuzoea, na mwanamke aliyewahi kurudi nyuma kwa pombe, walisema, si vizuri asimame mbele ya wasichana. Januari yangu ilifika nikaogopa kwamba ukoo unaweza kubadili neno. Kisha nikaogopa kwa ajili ya Mutua kazini, kisha nikaolewa, kisha nikaona ni jambo la zamani. Kila nilipomtembelea alinipa uji na kuniuliza habari za watoto wangu, akimaanisha ndugu zangu. Nami nilikunywa uji.

Mwezi uliopita tulimzika. Zaidi ya miaka arobaini ilikuwa imepita. Mzee wa kanisa, kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule, alisoma maisha yake kwenye karatasi iliyochapwa: alizaliwa, aliokoka, aliolewa, alilea watoto saba. "Kuna wakati mama yetu alianguka kwa mambo ya kileo," alisoma, "lakini Bwana kwa rehema zake akamwinua." Watu wakasema amina. Wanawe waliinamisha vichwa. Walikuwa wameikubali hata wao. Kisha nikaitwa mimi, mtoto wa jirani, dakika tano. Nilishika kipaza sauti. Mutua alikuwa safu ya pili, Ndinda karibu naye, Kioko amesimama nyuma na mvi zake. Nilizungumza juu ya muthokoi wake, na kiberiti alichokirudisha, watu wakacheka kwa upendo. Nilisema alikuwa mkweli kuliko watu wote niliowajua. Nikaketi.

Mimi husali Wote, na huko hakuna anayemjua. Kusema huko hakutakuwa kulipa, wala kuandika haya, maana wa Mbooni hawatayasoma. Ni lazima iwe kwenye kanisa lilelile, mbele ya wale waliolipokea sinia kutoka mkononi mwake na kumwona akilipitisha bila kula. Nimewaulizia. Wamebaki watatu, na mmoja hasikii vizuri.